Nyumba ya Minazi Inayonunua Nazi

Kadzo, somo yangu,

Mwandiko huu ni wa Mwanaisha, jirani yetu wa ukuta mmoja, lakini maneno ni yangu mimi hawe wako, mama wa baba yako. Ukikuta mahali pamekatwakatwa, ujue hapo tulibishana. Nimemkalisha hapa barazani tangu alipomaliza sala ya adhuhuri. Wewe umevuka kwenda Likoni kumuaga shangazi yako, nyumba imetulia. Utarudi jioni, barua utaikuta juu ya begi lako. Isome leo leo. Usiichukue ukaisomee kwenye basi mbele ya watu, maana kesho asubuhi mimi sitasema kitu. Usidhani nimekasirika. Sitasema, basi.

Habari za sweta, za dawa, za kutomwachia mtu usiyemjua mzigo wako pale mpakani, Mwanaisha ameshakwambia. Shangazi yako atakwambia tena, na utingo naye atakwambia. Mimi sina la kuongeza hapo. Mimi nataka tuzungumze habari ya maji.

Mwanaisha anauliza maji gani. Yeye ni Mdigo, amekaa nasi miaka na miaka, lakini hili hakuwahi kuliuliza. Nimemwambia: sisi mtoto wetu haondoki mkavu. Anapotoka kwenda kuishi mbali, mkubwa wa nyumba hupiga funda la maji, halimezi, analipuliza kifuani mwa anayeondoka pale kizingitini. Ndipo mtu anavuka mlango. Asipopuliziwa, haendi. Akienda, anakwenda kama mtu aliyefukuzwa.

"Ndiyo hayo tu?" akasema Mwanaisha. "Maji matupu?"

"Maji matupu."

"Sasa kwa nini mtoto wa watu alikuwa analia juzi pale karoni?"

Kwa sababu alinyimwa, nikamwambia. Andika.

Najua unaikumbuka siku ile, lakini nataka nikusimulie mimi, uone kama nilikuwepo. Nilikuwa nachagua mchele. Ukaja umevaa lile gauni lako la kutokea, nikajua una jambo. Ukasema, "Hawe, wamenikubali Dodoma. Ni kazi ya kudumu sasa." Nikakuuliza kazi gani, na najua ni kazi gani, maana ulikwenda huko mwaka jana kwa mazoezi ya chuo. Ukasema, "Mashamba ya zabibu. Ya mvinyo." Nikacheka. Nikasema, "Yaani umekimbia tembo la mnazi ukafuata la zabibu." Wewe hukucheka. Ukaniuliza, "Utanipulizia maji, Hawe?"

Nikasema mfereji umekauka.

"Pipa limejaa, Hawe. Nimelijaza mwenyewe asubuhi."

Nikaendelea kuchagua mchele. Hapo ndipo uliposema lile neno. Ukasema, "Ndivyo ulivyomfanyia baba."

Sikukujibu. Ulidhani umenichoma. Kweli ni kwamba sikusikia kitu. Ilikuwa kama mkono ulioulalia usiku kucha; unaupiga, unaufinya, unauona ni wako, lakini haurudishi habari. Nilitoa kokoto mbili tatu kwenye ungo nikazitupa. Wewe ukaenda karoni ukalia, mimi nikapika wali, ukaiva vizuri. Uliula. Niliona uliongeza.

Sasa najibu.

Safari yako ya mwaka jana nilikupulizia bila maneno, kwa kuwa nilijua unarudi. Kumpulizia maji anayerudi ni rahisi, hata kasuku angefanya. Uliporudi ukaniletea ile chupa, umeifunga ndani ya leso kama mtoto mchanga. Ukanimiminia kwenye kikombe cha chai, tena kidogo, hata chini ya kikombe hakukufichika. Ukasema, "Usimeze upesi, Hawe. Unaizungusha mdomoni kwanza, unaisikiliza." Nikakwambia mdomo wangu si sufuria. Nikaimeza. Ilikuwa kali, na nyuma ya ukali kuna kitu kama tunda lililosahauliwa juani. Haikuwa mbaya. Nilisema ni siki ya kachumbari kwa kuwa nilitaka ucheke, na ulicheka.

Halafu ukaanza kusimulia. Ulikaa hapo hapo alipokaa Mwanaisha sasa. Ukasema huko zamani palikuwa pakavu, mtama na mbuzi na upepo. Watu wachache walikuwa na mizabibu, wengine wakiwacheka. Sasa kila upande ni zabibu, barabara hadi barabara. Aliyekuwa na kipande amekodi cha jirani, jirani naye akajuta, akapanda. Malori yanakuja, viwanda vinafunguliwa, wageni wanakuja kupiga picha. Ukasema, "Kila mwaka wanaongeza, Hawe. Kila mwaka!" Mikono yako ilikuwa juu. Nilikutazama nikamwona Karisa, baba yako, namna alivyokuwa akirusha mikono. Na nilisikia habari ninayoijua. Ulinisimulia habari za Dodoma, lakini mimi nilikuwa nasikia habari za Mjambere, mtaa wetu huu.

Mwanaisha ameweka kalamu chini.

"Astaghfirullah, Mama Karisa. Nimetoka kuswali sasa hivi, nawe waniandikisha habari za tembo?"

"Kwani kalamu hulewa?"

"Malaika wanaandika na wao."

"Basi waache wanakili kwako, mwandiko wako mzuri."

Amecheka. Ameishika tena. Haya.

Wewe Mjambere unayoijua ni hii ya majumba ya ghorofa, nguo zimeanikwa hadi juu, na maduka ya simu. Mimi nilipoletwa hapa kuolewa na babu yako Kazungu palikuwa na minazi, na chini ya minazi kivuli, na chini ya kivuli sisi. Kazungu alikuwa mgema. Shule sikuiona hata kwa dirisha. Vidato nilivyovijua ni vile alivyovichonga kwenye shina la mnazi apate kukanyaga akipanda. Alikuwa akipanda asubuhi, akipanda mchana, akipanda jioni, na kotama yake kiunoni, kile kisu cha kupinda. Kule juu analipunguza karara, lile ganda la maua, kidogo tu kama unavyopunguza ukucha, matone yanaanza kuanguka kwenye kibuyu. Ni hivyo tu. Mti haufi. Unatoa.

Mwanzoni aligema minazi michache, mingine akaiacha izae. Tembo lilikuwa la shughuli: mahari, matanga, wazee wakitaka kusema na waliotangulia. Linalobaki wanakunywa majirani, nao wakija wanaleta samaki au mahindi. Nilikuwa na benchi moja nyuma ya nyumba.

Mimi ndiye niliyeleta la pili.

Watu wakaanza kuja kutoka mbali. Vijana wa kujenga kule Ziwa la Ng'ombe, wamejaa vumbi la saruji hadi kope. Wapakuzi wa bandarini, wale wa viwandani Changamwe, wa bara na wa pwani. Walikuwa wamechoka, wanataka mahali pa kukaa ambapo hakuna mtu wa kuwaamrisha, na mimi nilijua kuwakaribisha. Nilikuwa na mdomo. Anayeleta fujo namtoa kwa mwiko. Anayekumbuka kwao namwachia kona alie. Mangwe yetu, kilabu chetu cha tembo, ikajulikana. Mtu akipotea nyumbani kwake, mkewe anakuja kuuliza kwangu kwanza. Jirani wa upande ule akaona, akageuza minazi yake ikawa ya kugema. Wa nyuma akaona. Ikafika wakati mtaa mzima ukitazama juu huoni nazi, unaona vibuyu. Pikipiki zikaja na madumu, tembo likavuka kivuko hadi Likoni. Tukasema tumeendelea. Na tulikuwa tumeendelea, sitaki kukudanganya. Bati lililo juu ya kichwa chako ni la mnazi. Sare yako ya kwanza ya shule ni ya mnazi. Usije ukasikia mtu anaidharau kazi ile ukanyamaza.

Kazungu alikuwa akiniambia, "Kadzo, tuache kidogo izae." Mimi nikamwambia nazi ziko sokoni, watu wako hapa benchini, wamekuja na kiu, niwape dafu? Mgema alikuwa yeye lakini neno lilikuwa langu. Aligeuza ule wa mlangoni, akageuza wa karoni. Mwisho akageuza ule wa mamake, uliopandwa alipozaliwa yeye, na huo aliupanda polepole, nakumbuka, akisimama kila kidato.

Ukilikata karara, upunga haukui. Hupati kidaka, hupati dafu, hupati nazi. Hilo unalijua, umelisomea. Mimi nililijua kabla hujazaliwa, na bado nilisema tugeme.

Siku moja wakaja wakwe wa shangazi yako. Nikataka kuwapikia wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nikanyoosha mkono kwenye pipa la nazi pale jikoni, mkono ukagusa chini. Nikamtuma mtu Kongowea akanunue nazi. Alirudi nazo zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki, na alipoingia uani babu yako alikuwa ndio anashuka mtini. Akautazama ule mfuko. Akatazama juu, vibuyu kila mti. Akakaa chini kwenye mchanga akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Nyumba ya minazi inanunua nazi!" akasema. "Kadzo, wewe na mimi tumewanywa wajukuu wa miti hii."

Nami nikacheka. Wakwe wakacheka. Wali ulipendeza. Sikulitafakari lile neno, ilikuwa ni mzaha mzuri tu, nikawa nawasimulia wateja nao wanacheka na kuongeza kikombe. Lakini hakuna mtu aliyepanda mnazi mwingine Mjambere. Mbegu ingetoka wapi? Ile ya sokoni ilikuwa ya kukuna. Miti ikazeeka yote pamoja, kama watu wa rika moja, na nyuma yake hapakuwa na mtoto. Wenye kununua viwanja walipokuja, walikuta vigogo. Watu wanasema ghorofa ziliua minazi. Zilikuta maiti.

Umeona ninapokwenda. Lakini bado sijafika. Kuna Karisa.

Baba yako hakupenda kupanda. Alipanda vizuri, mwepesi kuliko babake, lakini moyo wake ulikuwa kwenye mashine. Saa ya ukutani ikisimama anaifungua, redio ikikohoa anaifungua. Akapata kazi kiwandani Changamwe, akapata na chumba huko. Mamako alikuwa na mimba yako. Wapange kwanza, wewe uzaliwe huko, hiyo ndiyo iliyokuwa mipango yao. Asubuhi ya kuondoka akaja mlangoni, begi mkononi, shati amelifungua vifungo. Kifua wazi. Akasimama.

Babako mdogo hatukuwa naye, wa kiume alikuwa mmoja. Kazungu magoti yalikuwa yamekwisha. Minazi ilikuwa mingi, yote inadondosha, na karara lisipopunguzwa siku moja linaziba, lisipopunguzwa siku mbili umelipoteza. Mabenchi yalikuwa yamejaa tangu alfajiri. Nilikuwa naosha vibuyu.

"Mama, niko tayari," akasema.

Nikamwambia mtungi mtupu, akachote kwanza. Akaweka begi, akachota, akarudi. Nikamwambia ngoja nina wageni. Akangoja. Nikamwambia huyo mzee pale hajapata mrija, mpe. Akampa. Wateja walikuwa wameanza kuelewa, mmoja akasema, "Mama, mpulizie kijana aende zake," nikamwambia anywe alichokuja kunywa. Jua likapanda. Kifua chake kilikuwa kimetoka jasho, kimekauka, kimetoka tena. Halafu akafunga vifungo. Akaingia ndani akatoka na kotama.

Hakuanguka siku ile. Watu hupenda kusimulia kana kwamba alianguka siku ile. Alipanda miezi mingi baada ya hapo. Wewe ulizaliwa hapa hapa, akakupa jina langu kama desturi inavyotaka, bila kukunja uso. Alianguka wakati wa mvua za masika, vidato vimeota ukungu. Nilisikia kishindo nikadhani ni kuti. Nikamalizia kumimina kikombe nilichokuwa namimina.

Sisemi maji yangemzuia asife. Changamwe nako watu hufa, mashine hukata watu. Mulungu hana mahali asipofika. Ninachosema ni kwamba kifua chake alikileta mlangoni kwangu, akakirudisha kikavu.

Kwenye matanga tulikunywa tembo lililotoka kwenye miti yake mwenyewe, aliyoikata asubuhi ile. Mimi ndiye niliyehudumia. Wanawake walikuwa wananishika wanasema kaa chini, Mama Karisa, lia. Nikatafuta hicho cha kulia, sikukipata. Niliona tu kwamba huyu kikombe chake kimekwisha, yule bado. Nilidhani kitakuja kesho yake. Basi ndiyo nangoja mpaka leo. Mamako alinitazama siku zile kama mtu anayetazama ukuta, na alipokwenda zake kwao Malindi na baadaye akaolewa, simlaumu. Wewe alikuacha kwangu. Alisema, "Labda huyu atakuamsha."

Watu husema niliacha biashara kwa uchungu. Sikuacha. Nilitafuta mgema mwingine wiki ile ile. Niliacha miti ilipokwisha. Nakwambia kama ilivyokuwa.

Mwanaisha anafuta macho kwa ncha ya buibui. Nimemwambia asinilowanishie karatasi. Anasema, "Wewe ni jiwe, wallahi." Nimemwambia jiwe ndilo figa, aulize sufuria.

Ule mnazi uliomwangusha baba yako ndio huu mmoja uliobaki, wa karoni. Wewe watu wamekwambia niliuacha kwa heshima. Uliachwa kwa sababu wagema waliukataa. Kila niliyemwita alifika chini, akautazama, akasema huu hapana. Basi ukabaki peke yake bila kukatwa, ukatoa upunga, upunga ukawa vidaka, vidaka vikawa madafu, na siku moja nazi ikaanguka yenyewe uani, puu! Nilitoka mbio nikidhani ni mtu. Nikaiokota. Nikaivunja, nikaikuna, tui lake lilikuwa zito kama maziwa ya ng'ombe aliyezaa. Nikakupikia uji. Ulikuwa huna hata meno yote. Ulikula ukalamba sahani ukalia unataka tena.

Hivyo wewe umelelewa na mti ule. Kila wali, kila maharage, kila mahamri. Mti pekee tulioushindwa ndio uliokulea.

Sasa sikiza, na huku si kukufundisha. Mtu asiyejua kusoma hawezi kumfundisha mwenye cheti. Nakuomba tu utazame. Ukifika huko, wakikuonyesha mizabibu na wakikwambia mwaka kesho tutaongeza, wewe ulizia ule mtama. Nani bado anapanda? Yuko wapi yule mama mwenye mbuzi? Akina mama wa mtaa wananunua unga wapi, na tangu lini? Usiulize kwa ubishi. Uliza kama mtu anayetaka kununua. Siku utakaposikia nyumba iliyokuwa na mtama inatuma mtu dukani kununua mtama, na wote wanacheka, wewe usicheke. Kaa chini kwenye mchanga kama babu yako, lakini usicheke.

Ulinieleza pia jambo la kuikata ile mizabibu. Ulisema inakatwa matawi yote, inabaki kama fimbo za vizee, na isipokatwa haizai vizuri. Nimeliwaza sana. Mnazi hauna tawi, una kichwa kimoja. Ukikata kichwa, umeua. Kwa hivyo nadhani watu wa mizabibu wana kisu chepesi kuliko sisi, wamezoea kwamba kinachokatwa kitarudi. Jihadhari na kisu hicho ukiwa na watu. Kuna watu ni mizabibu, ukiwaambia neno kali wanachipua. Wengine wana kichwa kimoja.

Na usimgeme mtu. Hilo ndilo nililolijua nikiwa nimechelewa. Nilimgema mwanangu. Sikumkata shina, hapana, ningeona damu. Kila siku nilimpunguza kidogo tu, kama ukucha, nenda kachote, ngoja nina wageni, mpe mzee mrija, naye akawa anadondosha vizuri, nami nasema mtoto wangu ni mwema. Alikuwa mwema. Hakuzaa la kwake.

Juzi, uliponiomba maji, nilikuwa nimeshika kotama tena. Nilisema mfereji umekauka. Unaona? Ni mkono ule ule. Haukusahau kazi.

Mwanaisha ameuliza, "Kwani kwa nini hutaki aende? Si kazi nzuri?" Ni kazi nzuri. Kwa sababu nyumba itakuwa na kikombe kimoja, nimemwambia. Kwa sababu nikiita "Kadzo" hakuna atakayeitika isipokuwa mimi mwenyewe. Andika hilo au usiandike. Ameandika.

Nilidhani nitakapokusimulia haya yote kitu kitapasuka. Hakikupasuka. Nimekaa hapa, mguu umekufa ganzi, jua limehama ukuta, nasikia watoto wa jirani wanagombea mpira. Sina machozi ya kukupa, somo yangu. Nilizaliwa na akiba kidogo nikaiacha mahali. Kwa hivyo usinitazame usoni kesho ukitafuta kitu. Watu wengi wamenitazama usoni, wakaondoka wakisema huyu hana moyo. Wewe umekaa nami, unajua. Nilikubeba mgongoni hadi hospitali usiku wa ile homa yako, nami uso wangu ulikuwa huu huu.

Kuna nazi mbili za mti ule nilizokuficha uvunguni mwa kitanda, usizipike leo kumkaribisha mtu. Zimeota. Moja nimeshaitoa, nimeichimbia shimo pale lilipokuwa benchi langu la kwanza. Ya pili nilitaka uende nayo, lakini Mwanaisha anasema umewahi kumwambia huko kuna baridi na ukame, mnazi haukubali. Basi itakaa hapa pia. Mtu wa kuimwagia yupo, hana safari. Ukija utaukuta umekufika kiunoni, na ukikawia utaukuta umekupita. Hakuna kisu kitakachoufikia. Nimemwambia Mwanaisha awe shahidi.

"Mimi Mwislamu, mkigema huo nawashtaki kwa Mungu," amesema.

Tumekubaliana.

Kesho gari linaondoka mapema. Utaoga, utakunywa chai, utaweka begi karibu na mlango. Usije na gauni la kutokea lililofungwa hadi shingoni; vaa leso kwanza, gauni utavaa baadaye. Utanikuta nimesimama pale kizingitini. Kata nimeisugua leo kwa mchanga, kifuu kinang'aa. Maji nimechota kwenye lile pipa ulilolijaza mwenyewe, nimeyafunika kwa kawa.

Usinisemeshe. Ukiniita sitaitika, ukiniaga sitakujibu, na Mwanaisha akianza kulia mwache. Wewe njoo tu, usimame, ufungue kifua.

Ndiyo sababu nimeyasema yote leo. Kesho kinywa changu kitakuwa kimejaa maji.

Yakikupata, usiyafute. Nenda nayo hivyo hivyo mpaka yakaukie njiani.

Hawe wako,
Kadzo